Feni za kompyuta zinaingia kwenye rekodi: nijitengenezee kidhibiti cha LM317 au cha 555?

SautiKisauni

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Nina chumba kidogo hapa Kisauni ninachorekodia sauti: matangazo ya maduka, darsa, na kaswida za vijana wa madrasa. Kompyuta ni ya mezani, mtumba wa ofisini, Core i5 ya kizazi cha 4. Kazi inafanya, sina lalama nayo. Kinachonisumbua ni feni mbili za mm 120 nilizoongeza kwenye kasha, moja mbele inavuta hewa na moja nyuma inatoa. Madabodi ina tundu moja tu la feni na limeshikwa na feni ya prosesa, kwa hivyo hizi mbili zinachukua moto moja kwa moja kutoka pawa saplai, kwenye ile plagi kubwa ya pini 4. Zinakimbia kwa nguvu zote tangu nawasha hadi nazima.

Maikrofoni inazisikia. Nikisafisha ule mvumo kwa programu, sauti ya msomaji inatoka kama anasomea ndani ya mtungi. Wateja hawasemi kitu, lakini mimi nasikia, na kaswida ya mtoto aliyejitayarisha mwezi mzima haistahili kutoka hivyo.

Feni zina waya 3: mweusi, mwekundu na wa njano. Kibandiko kinasema 12V 0.25A. Kulehemu najua, nyaya zangu zote za maikrofoni nimezitengeneza mwenyewe, na mita ninayo. Nimeona wengine wanatumia LM317, ile IC (chipu ndogo) ya kurekebisha volti, wengine IC ya 555, ile ya kutoa mapigo, na mosfeti ya kukata umeme. Kipi kinanifaa? Na jambo la pili linanitia hofu zaidi: nikirekodi nafunga dirisha na kuzima pangaboi, maana nalo linasikika. Chumba kinapanda joto. Nikizipunguza feni wakati huohuo, si nitaichoma mashine?

---

YakheTudor

Usijisumbue na IC, yakhe. Kwenye hiyo plagi kubwa waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na miwili meusi katikati ni hasi. Chukua chanya ya feni uitie kwenye njano, hasi yake uitie kwenye mwekundu badala ya mweusi. Feni inapata tofauti ya 12 na 5, yaani volti 7. Senti hata moja hutoi. Yangu inakwenda hivyo na haisikiki.

---

FundiMajengo

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nianze na hilo la volti 7. Ni kweli feni itazunguka polepole na itatulia. Lakini angalia umeme unarudi wapi: unaingia kwenye laini ya volti 5, ile inayolisha diski na USB. Pawa saplai imeundwa kutoa umeme kwenye laini hiyo, haikuundwa kuupokea. Maadamu madabodi inakula zaidi ya kinachorudishwa na feni, hakuna kitu. Siku feni ikipiga shoti ndani, volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye laini ya 5, na hapo feni ndiyo hasara ndogo. Kwa mashine iliyobeba rekodi za watu mimi siifanyi. Na tena haina marekebisho: 7 ni 7, mchana na usiku, kaskazi na kusi.

Kabla hujashika pasi ya kulehemu, sikiliza ni kelele gani hiyo. Feni ina kelele ya upepo na kelele ya beringi. Ya upepo ni mvumo ulionyooka. Ya beringi ina mkwaruzo au mdundo mdogo unaorudi kila mzunguko, na ukiigusa feni katikati kwa kidole unausikia mkononi. Huku kwetu vumbi lenye unyevu wa chumvi hukaa kwenye mapanga, feni inapoteza mizani na beringi inakauka mapema. Zifungue, zipanguse kwa brashi ya rangi iliyo kavu, uyashike mapanga yasizunguke ovyo. Bandua kibandiko cha katikati, na kama chini yake kuna tundu la mhimili, tia tone moja la mafuta ya cherehani, urudishe kibandiko. Kama ni beringi ndiyo inayolia, kidhibiti hakitakusaidia, utapata mkwaruzo wa polepole tu.

Ikiwa ni upepo, sasa tuko pamoja. Feni ikipunguzwa mizunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Maana yake hupotezi hewa nyingi ili kupata utulivu mkubwa. Usitafute feni isiyosikika kabisa. Tafuta ile ambayo maikrofoni haiichukui pale ilipowekwa, uiachie hapo.

Kuhusu 555: ni IC nzuri na kwa kazi nyingine naipenda, lakini kwako wewe nasema hapana. Ile inaukata umeme wa feni, inawasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiipanga vibaya ikakata kwa masafa ambayo sikio linayasikia, mota ya feni yenyewe inaimba. Hata ukiipandisha juu ya kHz 20, sikio lisisikie, bado una umeme unaokatwakatwa karibu na nyaya za maikrofoni. Mtu wa michezo ya kompyuta hajali. Wewe unarekodi. Isitoshe, kwenye feni ya waya 3 ukikata upande wa hasi, ule waya wa tatu wa kuhesabu mizunguko unasoma upuuzi. Kwako hauna kazi sasa, lakini ukibadilisha madabodi kesho utautaka.

LM317 inatoa umeme ulionyooka. Ina miguu 3. Ishike maandishi yakikutazama: kushoto ni mguu wa kurekebishia, katikati ni kutoa, kulia ni kuingiza. Waya wa njano wa plagi kubwa, ule wa volti 12, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 1 kwanza, halafu uingie mguu wa kulia. Fyuzi usiiruke, maana laini ya volti 12 ya pawa saplai ina ampea nyingi za kuyeyusha waya mwembamba kabla saplai haijajizima. Kati ya mguu wa kutoa na wa kurekebishia weka rezista ya omu 240. Kutoka mguu wa kurekebishia kwenda hasi weka rezista ya omu 680, ifuatwe na volyumu ya kilo-omu 1, ile ya redio. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye kuingiza na ya mikrofaradi 1 kwenye kutoa, zote zikigusana na miguu kwa karibu. Chanya za feni zote mbili kwenye mguu wa kati, hasi zao kwenye waya mweusi. Basi.

Hesabu yake ni 1.25 mara (1 + R2/R1). R1 ni hiyo 240, R2 ni 680 ukijumlisha na volyumu. Volyumu ikiwa chini kabisa, R2 ni 680 na unapata volti 4.8. Ikiwa juu kabisa R2 ni 1,680 na unapata 10. Usihangaike kuitafuta 12, LM317 yenyewe inakula karibu volti 2 ikiwa na mzigo, kwa hivyo 10 ndiyo dari. Ile 680 ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Wengi wanaweka volyumu peke yake, na ikifika chini feni inasimama. Rezista hiyo ndiyo sakafu. Mtoto akichezea kirungu cha volyumu, feni bado inazunguka.

Sakafu uijaribu hivi: volyumu chini kabisa, mashine imepoa, washa. Feni zote mbili lazima zianze zenyewe bila kusukumwa. Feni inayozunguka tayari huendelea kwa volti ndogo kuliko zile zinazohitajika kuianzisha, na stima yetu unaijua: inapotea, inarudi, na mashine nyingine huwaka zenyewe wakati hakuna mtu chumbani. Kama moja inasita, toa 680 utie 820, sakafu yako iwe volti 5.5.

Sasa joto, maana swali lako la pili ndilo lenye uzito. Yako mawili.

La kwanza ni joto la LM317 yenyewe. Volti ambazo feni hazizipati zinageuka moto pale. Feni zako mbili kwa volti 7 zitakula kama ampea 0.3. Volti 5 zilizobaki mara 0.3 ni wati 1.5. Inaonekana ndogo, lakini IC hiyo ikiwa uchi inapanda nyuzi 50 au zaidi kwa kila wati, yaani nyuzi 75 hivi juu ya hewa iliyo ndani ya kasha. Ndani ya kasha lako hewa ni 40 na kitu. Unafika karibu na kikomo chake cha nyuzi 125, na ikikipita mbali inajikata yenyewe, feni zinasimama ukiwa katikati ya darsa. Ifunge kwenye kipande cha aluminiamu chenye mapezi, toa kwenye amplifaya iliyokufa, mafundi wa redio mjini wanavyo tele. Na usisahau: ule mgongo wa chuma wa LM317 umeungana na mguu wa kutoa. Ukigusa bodi ya kasha ni shoti. Weka karatasi ya mika na washa ya plastiki kwenye skrubu, halafu pima kwa mita kati ya mgongo na kasha kabla hujawasha chochote. Mita isilie.

La pili ni joto la mashine, na hapa nataka unisome taratibu. Joto la prosesa ni joto la chumba ukijumlisha na lile ambalo mashine inaongeza juu yake. Maelezo mengi unayoyaona yameandikwa na watu waliokaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Mtu akikwambia prosesa yake iko 65 kwa feni za volti 5 na yuko salama, yeye mashine yake imeongeza 45. Mashine ileile, feni zilezile, ukiileta Kisauni mwezi wa Machi, dirisha limefungwa na pangaboi limezimwa, chumba ni 34, prosesa inasoma 79. Prosesa itavumilia, za Intel nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 100. Ninayoiogopea ni diski ya kuzunguka. Diski ya mtu yule inayosoma 38 inakuwa 52 kwako, na nyingi zimeandikiwa kikomo cha 60. Na kapasita za madabodi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka umri wake unapungua kwa karibu nusu. Hizo hazikupigii kelele, zinavimba tu kimya kimya hadi siku mashine inakataa kuwaka.

Kwa hivyo usiipange volyumu yako mwezi wa Julai kusi likivuma ukaiacha mwaka mzima. Ipange siku ya joto, chumba kikiwa kimefungwa kama unavyorekodi, na programu ya kusoma joto iko wazi kwenye skrini. Rekodi nusu saa. Diski ikibaki chini ya 50 na prosesa chini ya 75, hapo ndipo pa kutia alama kwenye kirungu kwa wino.

Na ongeza swichi ya njia mbili: upande mmoja chanya ya feni inatoka kwenye LM317, upande wa pili inatoka moja kwa moja kwenye volti 12, baada ya fyuzi. Ukirekodi, prosesa karibu inalala, feni za polepole zinatosha. Ukimaliza na unachanganya sauti au unatoa faili la mwisho, hapo ndipo inapofanya kazi, na hapo maikrofoni imezimwa. Piga swichi, fungua dirisha, washa pangaboi.

---

MwalimuLikoni

Maalim, maelezo haya nitayahifadhi. Naomba kuongeza njia nyingine kwa wanaosoma, kwa sababu mimi nasimamia maabara ya kompyuta shuleni na nimekutana na mashine za aina hii nyingi.

Kama mtu ananunua feni mpya, anunue za waya 4. Waya wa nne unabeba amri tu, mapigo ya kHz 25, na feni yenyewe ndani ndiyo inayojipunguza. Kuna nyaya za kugawanya: zinachukua amri kutoka tundu la feni ya prosesa kwenye madabodi, lakini umeme wa kuzungusha zinauchukua kwenye pawa saplai. Tundu hilo moja linatosha kuamrisha feni zote, na halibebeshwi mzigo. Matundu mengi ya madabodi yameandikiwa ampea 1, ukizidisha linaungua. Prosesa ikipata joto feni zote zinaongeza, ikipoa zinapungua, na hakuna mtu anayehitaji kukumbuka kugeuza kirungu. Watoto wangu hawawezi kukumbuka, na mimi sina macho ya kuangalia kila mashine.

Angalizo moja: ni feni ya prosesa peke yake inayopaswa kurudisha ule waya wa kuhesabu mizunguko. Mbili zikirudisha kwenye tundu moja, hesabu inavurugika. Na mashine hizi za ofisini zikikosa hesabu ya feni ya prosesa hukwama wakati wa kuwaka, zinakuambia feni imeharibika.

---

FundiMajengo

Umesema kweli, Mwalimu, na kwa maabara njia yako ndiyo sahihi, mimi pia ningeifuata. Kwa SautiKisauni nina sababu moja ya kubaki na kirungu: anapenda kelele isiyobadilika. Feni zinazopanda na kushuka katikati ya kisomo zinasikika zaidi kuliko mvumo uleule mmoja, na programu ya kusafisha inauondoa kirahisi mvumo usiobadilika. Yule anayerekodi anataka kuamua mwenyewe.

---

SautiKisauni

Shukran sana, Maalim, na wewe Mwalimu, Mungu awalipe. Nimezisafisha feni. Ya mbele ilikuwa ni beringi kweli, tone la mafuta limeituliza. Ya nyuma ni upepo mtupu.

Vifaa nimepata vyote isipokuwa volyumu ya kilo-omu 1. Duka zote za mjini nilizoingia wana ya 5 na ya 10 na ya 50. Nikitia ya 5 hesabu inaharibika? Na kisanduku cha kidhibiti nikiweke ndani ya kasha au nje mezani? Napenda kirungu kiwe karibu na mkono.

---

FundiMajengo

Ya kilo-omu 5 itumie, lakini uifunge sambamba na rezista ya kilo-omu 1.2. Zikiwa sambamba na volyumu iko juu kabisa, unapata omu 968, ukiongeza 680 ni 1,648, na volti zinafika 9.8. Karibu sawa na ile ya awali. Tofauti utaisikia kwenye kugeuza: zaidi ya nusu ya mabadiliko yatatokea kwenye sehemu ya tano ya kwanza ya mzunguko, halafu inakuwa nzito. Geuza taratibu mwanzoni. Ya 10 na ya 50 ziache dukani.

Volyumu unaiunga miguu miwili tu, wa kati na mmoja wa pembeni. Ule wa tatu usiuache ukining'inia, uunge pamoja na wa kati. Volyumu zikila chumvi, kile kidole cha ndani huacha kugusa. Ikiwa mguu wa tatu umeungwa, kikiacha kugusa unabaki na upinzani wote, na feni zinakwenda kasi. Ukiuacha wazi na huna ile 1.2 sambamba, njia ya hasi inakatika kabisa na LM317 inatoa volti zote ilizonazo. Kwa feni si hatari, lakini ghafla ile katikati ya kisomo hutaipenda.

Kisanduku kiweke nje. Kirungu kinakuwa karibu, na zaidi ya hapo unaiondoa LM317 kwenye hewa ya nyuzi 40 unaileta kwenye hewa ya 34. Hizo nyuzi chache ni za bure. Toboa matundu juu na chini ya kisanduku hewa ipande yenyewe. Nyaya za kwenda na kurudi zisokote pamoja, na zisipite sambamba na waya wa maikrofoni. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Ukimaliza kulehemu, safisha masalio ya dawa ya kulehemia kwa spiriti na brashi ya meno, ikauke, kisha ipake varnishi nyembamba upande wa chini wote, isipokuwa volyumu na swichi. Hapa Mombasa ubao ulioachwa uchi unaota ukijani kwenye miguu ya shaba, hasa nyumba ikiwa karibu na maji.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua ukishaonja utulivu wa feni hizi mbili utaanza kuisikia ya tatu: feni iliyo ndani ya pawa saplai. Hiyo usiiguse. Ndani mle kuna kapasita inayoshika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi, na feni ile ndiyo pekee inayoipoza saplai nzima. Ikikukera, itoe kompyuta chumbani. Toboa ukuta, pitisha waya wa skrini na wa USB, mashine ikae ukumbini. Waya wa USB wa kawaida usizidi mita 5, na kwa kiolesura cha sauti, kile kifaa cha kuingizia maikrofoni, mimi ningebaki kwenye 3. Skrini, maikrofoni na kibodi zinabaki na wewe, na hapo ukitaka feni zikimbie volti 12 kamili, ziache zikimbie.

---

SautiKisauni

Ukuta wa upande wa ukumbi ni wa tofali moja, na kutoka mezani hadi pale mashine itakapokaa haifiki mita 3, nimeshapima. Nitakitengeneza kisanduku kwanza nikijaribu mwezi huu wa joto, na nikimaliza nitaweka hapa namba za diski na prosesa, dirisha wazi na dirisha limefungwa.